Wakili Akiidanganya Mahakama, Anayelipa ni Nani?

Haya ni maneno niliyozungumza Jumapili kwenye kikao cha vijana pale Lingeka. Wengi mliniomba niyaweke hapa ili na wale ambao hawakufika wayasome. Nimeyanyoosha kidogo tu, na mwishoni nimeongeza swali moja nililoulizwa pamoja na jibu nililotoa.

Mwadila makamanda! Mwadila mayu, mwadila bhabha!

Nawashukuru kwa kuja. Najua kipindi hiki cha palizi ya pamba Jumapili ndiyo siku pekee ya kunyoosha mgongo. Mtu kuacha kitanda, kuacha mpira, aje kukaa kwenye benchi kumsikiliza binti ambaye hata chuo hajamaliza, hiyo ni heshima kubwa. Wabeja sana.

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo utuambie kidogo mambo ya sheria." Nikamuuliza, sheria ipi? Akasema yoyote, bora isiwe ngumu. Nikakaa nikawaza. Ningeweza kuja hapa nikazungumza Katiba mpya, mkapiga makofi, nikaondoka na boda yangu mpaka Bariadi roho yangu ikiwa nyeupe. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipotoka mafunzo kwa vitendo, na lingine limenikaa tangu Novemba, baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Yote mawili yanahusu kitu kimoja: mtu wa sheria kuidanganya mahakama. Nimeamua nizungumze hilo. Wengine hamtalipenda. Naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane. Watu wengi mtaani wanaamini kazi ya wakili ni kudanganya kwa lugha nzuri. Hata bibi yangu, siku namwambia nimechaguliwa kusoma sheria, aliniuliza, "Kwa hiyo utakuwa unatetea wezi?" Nilicheka, ila lile swali ni la msingi kweli. Maana ni kweli, wakili anaweza kumtetea mtu ambaye yeye mwenyewe anahisi ana hatia. Hilo sheria inalikubali na ni zuri, kwa sababu mwenye kazi ya kuthibitisha kosa ni upande wa mashtaka. Wakili anaruhusiwa kusimama akasema, "Mheshimiwa, ushahidi huu hautoshi." Anaruhusiwa kumbana shahidi wa polisi mpaka ajikanyage. Anaruhusiwa kukaa kimya kuhusu siri aliyoambiwa na mteja wake.

Asichoruhusiwa ni kusema kitu anachojua si kweli ili mahakama iamini ni kweli. Hawezi kusema "mteja wangu hakuwepo Bariadi siku hiyo" wakati anajua alikuwepo. Hawezi kumleta shahidi anayejua atasema uongo. Hawezi kuleta nyaraka ya kughushi. Akijua kuna hukumu ya Mahakama ya Rufani inayompinga moja kwa moja, hawezi kuificha akijifanya haipo. Mpaka hapo tuko pamoja?

Sababu yake ni hii. Wakili ni ofisa wa mahakama. Anamtumikia mteja, ndiyo, lakini ameapa pia mbele ya Jaji Mkuu. Jaji hana muda wa kwenda kupima kila shamba wala kwenda hospitali kuuliza kama fulani alilazwa. Anategemea kwamba watu wale waliovaa majoho, hata wakigombana, kuna sakafu ambayo hawashuki chini yake. Sakafu ikitoboka, mwenye haki na asiye na haki wote wanazama.

Tunaposoma somo la maadili kuna kesi moja ya Uingereza, ya mwaka 1961, inaitwa Meek dhidi ya Fleming. Mpiga picha wa magazeti alimshtaki inspekta wa polisi kwamba alimpiga na kumweka ndani bila sababu. Sasa, kabla kesi haijasikilizwa, yule inspekta alikuwa ameshushwa cheo na kuwa sajenti. Kosa lake lilikuwa nini? Kuhusika kuidanganya mahakama kwenye kesi nyingine. Wakili wake alilijua hilo. Akamleta mahakamani amevaa nguo za kiraia ili vyeo visionekane begani, na jaji alipomwita "Inspekta", wakili akanyamaza. Hakutamka uongo wowote hapo. Alinyamaza tu akaacha uongo upite mbele yake. Polisi akashinda. Ilipobainika, Mahakama ya Rufani ikaifuta ile hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya, na wakili mwenyewe, mtu mwenye jina kubwa, akasimamishwa kazi.

Nawapa mfano huo kwa sababu naona wote hapa tungempenda yule mpiga picha. Ni sisi yule. Mtu wa chini anayesimama mbele ya dola, na dola inatumia ujanja wa mavazi.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Ni sheria ya mwaka 1954, ya tangu enzi za mkoloni, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Sheria hiyo inaunda Kamati ya Mawakili. Ndani yake anakaa jaji wa Mahakama Kuu, anakaa mtu wa upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na anakaa wakili anayependekezwa na Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS. Kamati ikimkuta wakili na kosa inaweza kumuonya, kumsimamisha kwa muda, au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Asiporidhika anakata rufaa Mahakama Kuu. Juu ya hapo kuna Kanuni za Maadili za mwaka 2018. Na malalamiko hayaletwi na wakubwa tu. Mwananchi yeyote anaweza kulalamika: mkulima, mama lishe, dereva wa bodaboda. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Sasa niwaambie la kwanza lililonikaa kooni.

Nilipokwenda mafunzo kwa vitendo nilipokelewa na ofisi moja ya wakili. Ofisi siitaji, mji siutaji, na nyie kaka zangu wenye simu hapo mbele msinibane. Alikuja mama mmoja mjane, wa rika la mama yangu. Alikuwa ameshindwa kesi ya shamba la marehemu mumewe kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ekari saba, shamba la pamba na dengu. Kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu una siku 45. Mama alikuja mapema kabisa, siku ya kumi hivi, akalipa pesa aliyoipata kwa kuuza ng'ombe wawili. Risiti nilimwandikia mimi.

Jalada likakaa kwenye meza. Likakaa. Wakili alikuwa na mambo mengi, safari nyingi. Siku tulipolifungua, siku 45 zilikuwa zimepita kitambo.

Ukishachelewa, unaomba mahakama ikuongezee muda. Na hapo mahakama zetu hazitanii. Tunafundishwa kesi ya Lyamuya Construction ya mwaka 2010, kwamba lazima uelezee muda wote uliochelewa, usiwe mzembe, usiwe umechelewa kupita kiasi. Na uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliki kama sababu. Kwa hiyo ukweli, yaani "wakili alisahau", usingemsaidia mama. Nadhani hapo ndipo shetani alipoingilia.

Nikaambiwa nichape hati ya kiapo. Kiapo kinasema mama aliugua, akalazwa wiki tatu, ndiyo maana alichelewa. Nikauliza, "Alilazwa hospitali gani, nijaze?" Nikajibiwa, "Wewe chapa." Nikachapa. Kilikuwa kwa Kiingereza. Mama hasomi hata Kiswahili vizuri. Aliitwa, akaonyeshwa pa kuweka dole gumba, akaweka. Hakuna aliyemsomea. Kisha hati ikapelekwa ofisi ya jirani kugongwa muhuri wa kamishna wa viapo. Pale chini pameandikwa kwamba mwapaji alifika mbele yangu na kuapa. Mama hakufika kwa yule kamishna. Wakati muhuri unagongwa alikuwa amekaa kwenye benchi la nje kwetu, anakunywa maji niliyompa.

Hebu hesabuni uongo uliomo kwenye karatasi zile mbili tatu. Ugonjwa ni uongo. Kulazwa ni uongo. Kwamba aliapa mbele ya kamishna ni uongo. Na mama hakujua hata mmoja.

Upande wa pili nao walikuwa na wakili, na alikuwa makini. Akaleta kiapo kinzani na kuambatanisha mahudhurio ya mkutano wa kijiji. Katika zile wiki tatu za "kulazwa", mama alikuwa amehudhuria mkutano, na dole lake lipo kwenye daftari. Basi. Maombi yakatupwa kwa gharama.

Nikausoma uamuzi. Unajua kilichoniumiza ni nini? Uamuzi unasema mwombaji alisema uongo kwenye kiapo chake. Mwombaji. Mama. Jina la wakili limeandikwa juu pale kwa heshima, kwamba alimwakilisha mwombaji. Kwenye karatasi za serikali mwongo ni yule mjane, na kutoa ushahidi wa uongo ni kosa la jinai. Shamba limekwenda, ng'ombe wawili wamekwenda, na juu yake ana jina la mwongo kwenye kumbukumbu za Mahakama Kuu ya Tanzania.

Na mimi? Nilinyamaza. Nilimaliza mafunzo, nikapigiwa muhuri kwenye kitabu changu, ripoti yangu ikapata A. Kwenye ripoti niliandika kwamba nimejifunza kuandaa hati za kiapo. Ni kweli, nilijifunza.

Kwa hiyo makamanda, mkisikia nasema habari za maadili msidhani nimesimama kwenye mlima. Vidole vilivyochapa ni hivi.

Tuache hilo kidogo, nitalirudia. Tuje kwenye siasa, maana najua wengine mnajiuliza hili linaingiaje kwenye kikao cha chama.

Linaingia hivi. Nidhamu ya mawakili katika nchi yetu imesikika zaidi pale ilipowagusa watu wanaoisema serikali. Mnamkumbuka Fatma Karume. Aliwahi kuwa rais wa TLS, akipokea kijiti baada ya Tundu Lissu, ambaye alichaguliwa Machi 2017. Mwaka 2018 Ado Shaibu wa ACT-Wazalendo alikwenda Mahakama Kuu kupinga uteuzi wa Profesa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakili wake akawa Fatma Karume. Tarehe 20 Septemba 2019 Jaji Kiongozi akaitupa kesi, na katika uamuzi uleule akamsimamisha Fatma kufanya kazi ya uwakili Tanzania Bara, kwa sababu ya maneno aliyoyaandika kwenye hoja zake. Waliokosoa walisema hakupewa nafasi ya kusikilizwa kwanza. Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ikamvua uwakili kabisa. Ilipofika Juni 2021 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo wa Kamati.

Hebu tujiulize. Fatma alimdanganya nani? Alighushi nini? Alimficha shahidi gani? Kosa aliloambiwa ni la maneno, kwamba maneno yake hayakuwa na heshima. Unaweza kukubali au kukataa kwamba yalikuwa makali. Lakini kati ya neno kali na neno la uongo kuna mto mkubwa unapita.

Mwaka 2024 tuliona tena. Wakili Boniface Mwabukusi, kwa maneno aliyoyasema wakati wa sakata la bandari na DP World, alipelekwa kwenye Kamati na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akapewa onyo. Onyo hilohilo likatumika kumwondoa kwenye orodha ya wagombea urais wa TLS. Julai 2024 Mahakama Kuu ikamrudisha, na Agosti mawakili wenzake wakamchagua kuwa rais wao. Kumbukeni nilichowaambia kuhusu muundo wa Kamati: upande wa Mwanasheria Mkuu una kiti ndani yake. Sasa akiwa yeye ndiye mlalamikaji, mwananchi wa kawaida anaangalia anasema, huyu mlalamikaji na ile meza mbona ni ndugu? Hata kama aliyekaa pale ana moyo safi, haki inapaswa ionekane. Hilo ni moja la kudai kwenye mageuzi. Tuandike kwenye madai yetu, kwa maneno yanayoeleweka.

Lakini, na hapa ndipo naomba mnisikilize, kuna mtego. Kwa kuwa tumeona nidhamu ikitumika kama fimbo ya kuwachapia watu wetu, tumeanza kuiona nidhamu yenyewe kama adui. Wakili yeyote akiitwa kwenye Kamati sisi mitandaoni tunapiga kelele "wanamwonea" kabla hatujajua amefanya nini. Tunachanganya wakili aliyesema ukweli kwa sauti kubwa na wakili aliyetunga hadithi ya hospitali. Yule mjane akienda kulalamika kesho, na wakili wake akawa mwenzetu, ana kadi yetu, tutasimama upande gani?

Sasa la pili. Novemba.

Wote mnajua uchaguzi ule ulivyokwenda. Tarehe 27 Novemba 2024. Siwarudishi huko, wengine majina yenu yalikatwa kwa sababu za kitoto. Kwenye kijiji kimoja, si hapa Lingeka, vijana wetu walitaka kwenda Mahakama ya Wilaya kupinga matokeo. Wakaniita niwasaidie kuandaa maelezo ya mashahidi kabla hayajakwenda kwa wakili. Nilikwenda kwa moyo wote. Tulikaa kwenye nyumba ya kamanda mmoja, taa ya sola, chai ya rangi, usiku mzima.

Mashahidi walikuwa watano. Nikamhoji mmojammoja pembeni, kama tunavyofundishwa. Wa kwanza na wa pili walikuwa vizuri kabisa; walichokiona walikiona. Wa tatu akasema aliona karatasi zinaingizwa kwenye boksi. Nikamuuliza, ulikuwa umesimama wapi? Akasita. Nikamuuliza tena. Mwisho akasema, "Dada, mimi siku hiyo nilikuwa Maswa. Lakini niliambiwa na watu wa kuaminika." Wa nne na wa tano, hivyohivyo.

Nikawaambia viongozi, hawa watatu hawawezi kuapa kwamba waliona. Nyumba ikawaka moto. Mmoja akaniambia, "Lakini lilitokea! Kila mtu anajua lilitokea!" Mwingine akasema, "Wenzetu wanaiba mchana, wewe unatuletea mambo ya darasani." Na mwingine akauliza nimelipwa shilingi ngapi. Hilo nililia nikiwa kwenye boda, sitaficha.

Kesi haikufunguliwa. Wakaona mashahidi wawili hawatoshi, na muda ukaisha. Wapo waliomo humu ndani leo ambao tangu siku ile hawanisalimii. Nimewaona. Nawasalimia mimi: mwadila.

Siji kuomba msamaha kwa lile. Naja kuwaeleza nilichokuwa nakiona usiku ule. Nilikuwa naona lile daftari la mahudhurio. Nilikuwa namwona wakili wa upande wa pili akisimama na tiketi ya basi la Maswa, au picha ya WhatsApp ya shahidi wetu akiwa harusini. Akishamvunja huyo wa tatu, wale wawili wa kweli nao wanakufa naye. Jaji au hakimu hawezi tena kuwaamini. Wizi wenyewe, ambao kweli ulitokea, unageuka kuwa hadithi ya waongo wa upinzani. Kesho yake magazeti yanaandika hivyo. Na yule kijana wa Maswa, mwenye mke na mtoto mdogo, ndiye anayeshtakiwa kwa kuapa uongo. Adhabu yake inaweza kufika miaka saba jela. Chama hakitamsaidia kulala kule ndani. Wakili wetu naye anapelekwa kwenye Kamati, na safari hii hatuwezi kusema anaonewa, kwa sababu haonewi.

Yule mjane alinifundisha kitu kimoja: uongo wa mahakamani unaotungwa na wenye elimu, dole gumba linalowekwa huwa ni la mnyonge.

Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na dagashida. Vijana wa mjini wanadhani ni ngoma. Lilikuwa baraza la kuamua mambo, na mtu akivunja uaminifu alitozwa ng'ombe au alitengwa. Akitengwa hapewi moto, hapewi maji, hakuna anayemsaidia kulima. Adhabu hiyo ilikuwa na ubaya wake, na ilitumika vibaya pia, hasa kwa akina mama wazee. Lakini wazo lililokuwa ndani yake ni kwamba baraza linaishi kwa kuaminiana. Kamati ya Mawakili nayo, ikifanya kazi yake sawasawa, ni wazo hilohilo likiwa limevaa suti. Na ina ugonjwa uleule: inaweza kumtenga mwongo, na inaweza kutumika kumtenga aliyesema ukweli usiopendwa. Kazi yetu ni kudai ifanye la kwanza na iache la pili.

Nimalizie na mambo ya kufanya, maana katibu alisema mnataka vitu vya kushika mkononi.

Moja. Usiweke sahihi wala dole kwenye hati ya kiapo ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa. Tangu mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo mtu asikwambie lazima iwe Kiingereza. Ukisomewa ukakuta neno moja si kweli, kataa. Kiapo ni chako wewe. Kikiharibika, si cha wakili tena.

Mbili. Kamishna wa viapo lazima umwone kwa macho, naye akuone. Muhuri uliogongwa nyuma ya mgongo wako ni hatari kwako.

Tatu. Omba risiti, omba nakala ya kila kitu kilichopelekwa mahakamani, uliza tarehe ya mwisho ni lini, iandike kwenye simu. Uamuzi ukitoka, hukumu nyingi zinawekwa TanzLII, bure kabisa. Mtafute kijana mwenye bando akusomee.

Nne, hii ni ya wanafunzi wenzangu. Acheni kuiamini akili bandia kama nabii. Mwaka 2023 kule New York, kwenye kesi ya abiria dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi sita zilizotungwa na ChatGPT. Hazikuwahi kuwepo duniani. Na walipoulizwa wakaendelea kuzitetea. Wakapigwa faini ya dola 5,000 na aibu ya dunia nzima. Kesi ambayo hujaifungua ukaisoma mwenyewe, usiitaje.

Tano. Wakili akikudanganyia mahakama au akikudanganya wewe, una haki ya kupeleka malalamiko kwenye Kamati ya Mawakili, na TLS nayo unaweza kuiandikia. Andika kilichotokea, tarehe, na ambatanisha nakala. Usitie chumvi. Ukitia chumvi umeharibu.

Nilisema nitarudi kwa yule mama. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwake. Nilimweleza kila kitu, hata kile kiapo nilimtafsiria mstari kwa mstari, kwa Kisukuma. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, nikilalamika, shamba litarudi?" Nikamwambia hapana mama, Kamati hairudishi mashamba. Akauliza, "Ng'ombe je?" Sikuwa na jibu zuri. Akasema atazungumza na watoto wake.

Mpaka leo hajaamua, na uamuzi ni wake. Ila mimi maelezo yangu nimeshayaandika, kurasa nne, na nimeandika kwamba mchapaji nilikuwa mimi. Yeye akisema twende, yapo tayari. Najua maana yake. Nikimaliza chuo, nikamaliza Shule ya Sheria, nitasimama kuomba kuapishwa, na huenda mtu akayatoa yale maelezo akauliza, "Binti, na wewe ulifanya nini siku ile?" Nitajibu. Nimeona ni afadhali niulizwe hilo kuliko nisiulizwe.

Nawashukuru sana. Wabeja, makamanda.

Swali nililoulizwa

Baada ya hapo kaka mmoja aliinua mkono, mmoja wa wale wa Novemba. Akauliza hivi: "Dada, tumekusikia. Lakini wao wanadanganya na hawafanywi chochote. Sisi tukisema ukweli tunashindwa. Sasa huo ukweli wako unatusaidia nini?"

Sikumjibu haraka, na sitajifanya nilikuwa na jibu la kumfunga mdomo. Nilimwambia kwamba anachosema kuhusu kushindwa ni kweli, tutashindwa kesi nyingi. Lakini tunasema tunataka kuja kuongoza nchi hii, na siku hiyo mahakama hizihizi ndizo zitakazokuwepo, na mawakili watakaokuwa serikalini ni hawahawa tunaowafundisha leo kupika viapo usiku kwa taa ya sola. Anayezoea kupika akiwa upinzani hataacha akipewa jiko kubwa. Kisha nikamwambia jambo la karibu zaidi: wale mashahidi wawili wa kweli bado wapo. Waliyoyaona yaandikwe sasa, kwa tarehe, kabla hawajasahau, na uchaguzi ujao kila kituo kiwe na watu wetu wanaoona kwa macho yao na kuandika hapohapo, ili tusihitaji mtu wa Maswa.

Hakusema kama ameridhika. Lakini wakati naondoka alinishikia mkoba mpaka kwenye boda, akaniuliza fomu ya maelezo ya shahidi inaandikwaje. Nimemtumia mfano. Na wewe unayesoma hapa ukiutaka, mwone katibu wa vijana wa kata yako.